Pua ya Mtengeneza Chokoleti

Maharage yaliungua mpaka yakawa makaa, na mwenye nyumba alikuwa amekaa hatua tatu tu kutoka jikoni, amelipa jiko kisogo, anasoma gazeti.

Mkewe alikuwa uani akianua nguo. Harufu ilimfuata huko huko nje. Akatupa shuka begani, akakimbia ndani, akakuta moshi umeshaanza kutambaa darini. Alizima jiko, akafungua dirisha, akaitosa sufuria chini ya bomba. Maji yalipochemka ghafla kwenye ule moto wa chuma, ndipo mumewe alipogeuka.

"Kuna nini tena?"

"Unaniuliza mimi? Chakula kinaungua nyuma yako, baba, na wewe umetulia kama picha ukutani!"

"Nilikuwa nasoma."

"Siku hizi unasoma kwa pua?"

Aliyasema kwa utani, akitarajia naye acheke, maana nyumba ile ilizoea utani. Mwanamume hakucheka. Alilikunja gazeti mara mbili, akalikunja tena na tena, mpaka likawa dogo kama bahasha. Kisha akasema bila kumtazama, "Sisikii harufu, mama. Tangu yale mafua. Sisikii chochote."

Mkewe alikaa taratibu kwenye kiti cha cherehani yake, kilichokuwa karibu. Mafua yale yalikuwa yamemlaza mumewe siku tisa, mwanzoni kabisa mwa msimu wa baridi. Homa ilipoondoka alioga, akavaa shati lake jeupe la kazini, akaenda zake. Hii ilikuwa wiki ya tano.

"Na ladha je?"

"Ulimi nao umekufa. Najua cha moto na cha baridi. Najua kigumu na laini. Basi."

"Sasa kazini unafanyaje?"

"Nakisia," alisema.

Kazini walimwita Kikombe. Hoteli ilikuwa juu ya mji, mahali ambapo baridi ya miezi ile iling'ata mpaka kwenye mifupa, na kila jioni wageni walikusanyika sebuleni mbele ya moto wa kuni wakisubiri chokoleti yake. Hakukuwa na siri ndani yake. Maziwa ya moto, chokoleti nyeusi iliyokunwa, unga wa kakao, mdalasini kidogo, kisha ramu au brandi kwa anayetaka, na krimu iliyopigwa ikawekwa juu kama kofia. Hoteli nyingine zilitengeneza vile vile. Lakini walikuwapo watu waliorudi kila mwaka, wakamsalimia Kikombe kabla hawajashusha mizigo.

Kitu chake kilikuwa pua. Kwa miaka kumi na minane hakuwahi kutumia kipimo. Aliinama juu ya sufuria, akafumba macho, akavuta pumzi, akaongeza tone, akavuta tena. Alikuwa akimwambia mkewe kwamba chupa mbili za ramu hazifanani hata zikitoka kiwanda kimoja, na kwamba maziwa ya asubuhi yana tabia yake na ya jioni yana yake. Ramu aliimimina baada ya kuondoa sufuria motoni, kwa sababu pombe ikichemka huruka na mvuke, ikabaki uchungu mtupu. Haya yote alikuwa bado anayajua. Ila sasa aliyajua kama mtu anayejua njia ya nyumba ambayo hawezi tena kuingia.

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Daktari?"

"Nikienda kwa daktari wetu wa pale hotelini, kesho yake meneja ana habari. Na huyu meneja mpya hanijui. Mtu wa kaunta asiyesikia harufu ana tofauti gani na dereva asiyeona? Nitamwaga unga, mama. Kwa umri huu, nani ataniajiri?"

Mkewe, ambaye alikuwa mshonaji wa nguo, alitazama sufuria ndani ya sinki. Maharage yalikuwa yameshikana chini kama lami.

"Basi tutapima," alisema. "Kama mimi ninavyopima kitambaa. Siendi kwa macho, naenda kwa futi. Tutaandika kila kitu kwenye daftari, na wewe utafuata daftari."

"Na nani ataonja, tujue kipimo gani ndicho?"

Binti yao alikuwa na miaka kumi na minne, na hapakuwa na mtu mwingine nyumbani.

*

Baba yake mshonaji alikunywa mpaka akauza milango ya nyumba, mmoja baada ya mwingine, wakabaki wanalala nyuma ya mapazia. Akiwa na miaka kumi na moja, mshonaji aliapa kwamba pombe haitapita midomoni mwake. Kwa miaka thelathini haikupita. Hata harusini kwake waligonga glasi za maji ya matunda, na bwana harusi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwamiminia watu, alikunywa maji hayo hayo na mpaka leo hakuwa na tabia ya kunywa.

Jumapili mchana mumewe alipanga mezani mabaki ya chupa tatu aliyokuja nayo kutoka kazini. Sufuria ndogo ilikuwa jikoni. Aliikoroga chokoleti mpaka ikayeyuka, akaondoa sufuria motoni, akamimina kijiko kimoja cha ramu, akampa mkewe.

Mkewe alionja, akakimbilia sinki, akatema.

"Vipi?"

"Chungu."

"Ukitema huwezi kujua. Ramu haisemi mdomoni, inasema ikishafika kooni. Lazima umeze." Halafu, kwa sauti ya chini, "Kama huwezi tuache. Sitakulaumu."

Akajipiga moyo konde, akameza. Ilimshuka ikiwa na joto, ikatandaza joto lake kifuani, na nyuma yake ikaja chokoleti, nzito na tulivu, na mdalasini ukatokea mwisho kabisa kama mgeni aliyechelewa. Mumewe alikuwa akimkodolea macho, penseli mkononi.

"Sema, mama. Kali? Imepwaya?"

Mshonaji alifunika uso kwa viganja akaanza kulia.

"Mbaya kiasi hicho?"

"Tamu," alisema. "Ni tamu. Sikujua kwamba ni tamu. Miaka yote hii nilidhani baba alikuwa anakunywa kitu kibaya."

Mumewe aliweka penseli chini, akamshika bega. Kisha aliandika daftarini: *vijiko viwili*, akaweka alama ya kuuliza.

Waliendelea hivyo majuma mawili. Kila siku ilipofunguliwa chupa mpya ya ramu, mumewe alikuja na kiasi kidogo, akapika, mkewe akameza, akasema. Mkewe alijifunza haraka. Alianza kusema maneno ambayo mumewe aliyasema zamani, kwamba hii imesimama peke yake, kwamba ile imelala chini ya maziwa, na Kikombe aliandika, na usoni mwake rangi ilianza kurudi. Wageni walimaliza vikombe vyao. Wengine waliomba cha pili.

Mteja mmoja wa mshonaji, mwalimu wa shule ya jirani, alikuja mchana kupimwa gauni. Mshonaji aliinama kumpima kiuno, futi ikiwa mkononi na pini mdomoni. Alipoziondoa pini ili aseme vipimo, mwalimu alirudisha kichwa nyuma.

"Heh. Fundi, na wewe siku hizi?"

"Na mimi nini, mwalimu?"

"Saa nane mchana, dada yangu." Mwalimu alitabasamu kwa huruma, akaanza kukunja kitambaa chake mwenyewe, pembe kwa pembe. "Usijali, nitatafuta pengine. Hiki kitambaa ni cha bei, mkasi ukiteleza hakuna kurudi nyuma. Sikusemi vibaya. Wote tuna mambo yetu."

Binti alikuwa mlangoni na mkoba wa shule. Aliyasikia yote. Mwalimu alipopita, akamsalimia kwa kumpapasa kichwa, namna wanavyopapaswa watoto waliofiwa.

"Kwa nini hukumwambia, mama?" aliuliza.

"Ningemwambia, kesho ingefika hotelini."

"Sasa watasema wewe ni mlevi."

"Waache waseme," alijibu mama yake, akakaa kwenye cherehani, akakanyaga. Ilikwenda hatua chache bila uzi kabla hajagundua.

*

Kisha ikaja jioni ya mawakala wa safari. Wageni sitini, watu ambao neno lao moja lingejaza vyumba msimu mzima ujao au kuviacha vitupu. Meneja alikuwa amesema mara tatu kwamba anataka chokoleti ile ya Kikombe itolewe wote wakiwa wamekaa, kwa mpigo mmoja.

Kikombe hakulala vizuri siku mbili. Mwisho alimwomba mkewe aje. Hoteli ilikuwa ikimpa kazi ya kupinda vitambaa vya meza, kwa hiyo aliingia kwa mlango wa wafanyakazi akiwa na furushi lake, akasalimiana na watu, akajibanza kwenye stoo ndogo nyuma ya kaunta. Mumewe alipitisha kijiko kwenye upenyo wa mlango. Mshonaji alionja mara ya kwanza, akasema ongeza kakao. Mara ya pili, akasema ramu bado kidogo. Mara ya tatu alifumba macho.

"Usiguse tena," alinong'ona. "Hii ndiyo."

Kikombe alimtazama kupitia upenyo ule, akacheka bila sauti. Mkewe hakuwa amemwona akicheka hivyo tangu mafua.

Vikombe sitini vilijazwa. Mwisho kabisa mpishi alileta krimu kutoka jikoni ikiwa imeshapigwa, bakuli kubwa, nyeupe kama pamba. Ilipita mbele ya mlango wa stoo. Ilimjia mshonaji anyooshe mkono achovye kidole. Halafu akafikiri, krimu ni krimu. Alichokuwa hajui ni kwamba friji moja ya jikoni iliharibika asubuhi ile, vitu vyote vikahamishiwa kwenye nyingine, na bakuli la krimu lilishinda wazi kutwa nzima chini ya rafu ya samaki waliokaushwa kwa moshi, na mpishi, aliyeshinda ndani ya harufu ile, hakuitambua tena.

Sinia zilitoka zimejaa. Zikarudi zimejaa.

Aliona kupitia upenyo: kikombe baada ya kikombe, kila kimoja na alama ya mdomo mmoja tu kwenye krimu. Wageni walikuwa watu wa adabu, hakuna aliyesema kitu. Mhudumu wa kike mwenye miwani aliweka sinia ya mwisho juu ya kaunta, akamwangalia Kikombe, akafungua mdomo, akaufunga, kwa sababu meneja alikuwa nyuma yake.

"Mzee Kikombe," meneja alisema kwa utulivu, "hebu onja hii."

Kikombe alichukua kikombe, akanywa. Mkewe aliyaona macho yake yakipanda usoni kwa meneja, yakitafuta jibu pale, kwenye nyusi, kwenye mdomo, kama mwanafunzi anayechungulia daftari la mwenzake. Uso wa meneja haukuonyesha kitu.

"Iko sawa, bwana," alisema. "Labda ingetaka ramu zaidi kidogo."

Mhudumu mwenye miwani akatazama sakafu.

"Inanuka samaki," meneja alisema. "Krimu yako inanuka samaki, mzee. Mtu yeyote mwenye pua angejua kabla bakuli halijafika hapa. Na wewe unaniambia ramu kidogo." Akainama mbele, akavuta pumzi. "Kwanza hapa pananuka pombe. Umelewa?"

Sebuleni mtu alicheka kwa adabu, kuni zikapasuka motoni.

"Ndiyo, bwana," Kikombe alisema. "Nilizidisha kuonja. Nisamehe."

Mshonaji alisikia damu ikimpanda masikioni. Mwanamume ambaye hajawahi kulowesha ulimi wake kwa raha, mwanamume aliyekunywa maji ya matunda harusini kwake, amesimama mbele ya watu anajiita vile alivyokuwa baba yake. Hakukaa kufikiri. Aliusukuma mlango wa stoo akatoka, kitambaa cha meza kikiwa bado mkononi.

"Mume wangu hajanywa hata tone. Anayenuka ni mimi."

"Mama, nyamaza," Kikombe alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Sinyamazi! Bwana meneja, mume wangu ni mgonjwa. Hasikii harufu tangu augue. Mimi ndiye ninayemwonjea. Kila siku. Krimu sikuionja, kosa langu, lakini msimwite mlevi. Mwiteni kingine chochote."

Meneja alimtazama, akamtazama mumewe, akavuta stuli akakaa. Hakuwa mtu mbaya. "Tangu lini?"

"Wiki ya saba sasa," mkewe alijibu.

"Wiki saba, unawapa watu vitu usivyojua ni nini." Alijikuna shavu. "Pole sana, mzee wangu."

Ile pole ndiyo iliyomvunja. Kikombe alifungua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kaunta pembeni ya vikombe, kama mtu anayemaliza zamu ya kawaida.

*

Waliteremka kwa miguu, ikiwa saa mbili usiku, maduka ya barabarani yakianza kufungwa. Kikombe alitembea mbele ya mkewe kidogo, mikono mifukoni. Walipofika kwenye taa ya kona alisimama.

"Kwa nini ulisema?"

"Ningekuachaje uitwe mlevi mbele ya watu?"

"Mlevi hupewa barua ya onyo." Alizungumza taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha. "Mpishi mkuu ana barua tatu, na bado anapika. Mlevi akiamka asubuhi ni mzima, mama. Watu wanamcheka, wanamsamehe, anarudi kazini. Nilikuwa nimeshaipata njia. Mimi kesho nitaamka na nini?"

"Sikujua kama ulikuwa umepanga..."

"Hukuniuliza."

"Nilishaishi na mlevi," mkewe alisema. "Sikuweza kulisikia lile neno likitoka mdomoni mwako."

"Mimi si baba yako," mumewe alisema, akaendelea kutembea.

*

Hawakumfukuza. Walimhamishia chumba cha dobi, ambako alikunja shuka na mataulo pamoja na wanawake wawili waliomheshimu mno kiasi cha kutomtania. Mshahara ulipungua, na shati jeupe halikuhitajika tena. Kaunta alipewa yule mhudumu mwenye miwani. Alikuja nyumbani mwenyewe, siku moja mchana, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Meneja amesema niombe daftari. Lakini mzee kama hutaki, nitamwambia limepotea."

Kikombe aliinuka, akalitoa kabatini, akampa. Binti wa watu alilipokea kwa mikono miwili.

"Toa sufuria motoni kwanza," alimwambia. "Ndipo ramu. Usiwe na haraka."

Hiyo ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizosema juma lile.

Daktari, walipokwenda hatimaye, alisema mishipa ya pua imeumia, huenda itapona kwa miezi, huenda kwa miaka, huenda isipone. Alimshauri anuse vitu vinne kila asubuhi: kahawa, limau, sabuni, karafuu. Mkewe alimpangia kwenye visahani. Alinusa siku kumi na mbili, akiwa amekaa wima kama mtu anayepigwa picha, na siku ya kumi na tatu alivipita visahani akaenda kutafuta viatu vyake. Mkewe aliviacha mezani mpaka limau likakauka.

Nyumbani hawakugombana. Ingekuwa afadhali. Kikombe alijibu alipoulizwa, alisema asante na samahani, alimuuliza binti kuhusu masomo. Lakini utani ulikwisha. Usiku alilala ameutazama ukuta, na mshonaji alilala ameutazama mgongo wake, akipanga maneno ya kuomba msamaha na kuyapangua, kwa sababu kila alipoyafikisha mwisho alijikuta anajua kwamba lile neno likitamkwa tena mbele yake, angetoka tena kwenye ile stoo.

Wateja wachache walirudi. Mwalimu hakurudi.

Baridi ilianza kulegea. Jioni moja mshonaji alikuwa na sare za shule nane za kumaliza, akapika wali na mchuzi wa mboga huku akikimbia kati ya jiko na cherehani, akapakua, wakakaa watatu mezani. Mumewe alikula akiwa ameinama kama kawaida. Halafu akanyanyua kichwa. Alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu ile jioni kwenye taa ya kona, akamtazama muda mrefu: macho mekundu ya kushona, uzi wa bluu umenata kwenye nywele. Aliunyoosha mkono, akautoa ule uzi, akauweka kando ya sahani.

"Mchuzi mtamu sana leo," alisema. "Asante, mama."

Mshonaji alichota tonge lake la kwanza, akatia mdomoni. Ndipo akajua kwamba katika kukimbia kwake hakuweka chumvi. Wala kwenye wali, wala kwenye mchuzi, hata chembe.

Binti alikuwa ameshaonja. Alikuwa amekunja uso, mkono wake uko njiani kuelekea kwenye kopo la chumvi, mdomo wazi. Mama yake akamkanyaga mguu chini ya meza, akaushikilia pale. Binti alimtazama mama, akamtazama baba, akarudisha mkono mapajani.

"Nikuongeze?" mshonaji alimuuliza mumewe.

"Niongeze kidogo," alisema, akasogeza sahani.

Akamwongeza. Na wote watatu wakala chakula kile, taratibu, mpaka sahani zikabaki nyeupe.